Mgeni Kinywani mwa Samaki: Uainishaji, Maisha na Majina ya Isopoda wa Familia ya Simothoida katika Bahari ya Tongoni



Huenda baadhi yenu mmestaajabu kuona mhadhara wa taaluma za Kiswahili ukitangazwa kwa jina la mdudu wa baharini. Mstaajabu ana haki yake. Hata hivyo, nimekusudia kuonyesha kwamba mdudu huyu, ambaye mvuvi humchopoa kinywani mwa samaki kwa kidole gumba na kumtupa majini, hajajulikana vyema kwa sababu ambayo haihusiani sana na hadubini. Kinachokosekana mara nyingi ni jina. Wala jina hilo si lake yeye, bali ni la samaki aliyembeba. Kwa pwani yetu, jina hilo ni la Kiswahili.

Nimeichagua Tongoni iwe mahali pa kusimamia. Kijiji hiki kiko yapata kilomita 17 kusini mwa mji wa Tanga, katika eneo lililojulikana tangu kale kwa jina la Mtang'ata. Wanahistoria wanakijua kwa magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Wareno waliiweka bahari yake katika kumbukumbu zao kwa sababu nyingine: mwezi Januari 1499 Vasco da Gama alikichoma moto chombo chake, São Rafael, mbele ya pwani hiyo, maana mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Sisi wa lugha tunavutwa na jina lenyewe. Tongo ni mahali palipohamwa, palipobaki viunga na kuta bila watu. Tongoni, basi, ni kijiji cha watu walio hai kilichopewa jina kwa kuwarejelea wasiokuwapo. Bahari ya upande huo, kutoka karibu na mji wa Tanga kuelekea mdomo wa mto Pangani, ilitangazwa mwaka 2009 kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, baada ya samaki huyo wa kale kuanza kunaswa katika nyavu za wavuvi wa Tanga. Silikanti ana bahati yake. Mdudu wa mhadhara huu yumo katika maji yale yale na hana hata jina la kudumu.

Mdudu asiye mdudu

Neno mdudu katika Kiswahili ni pana kama bahari. Siafu ni mdudu, nge ni mdudu, mnyoo ni mdudu, hata maradhi yasiyotajwa kwa adabu huitwa mdudu. Wanabiolojia wamelibana neno hili na kuliwekea sharti la miguu sita. Kwa sharti hilo, kiumbe wetu ana miguu minane ya ziada. Anayo jozi saba, na nasaba yake iko kwa krasteshia, yaani jamaa ya kaa, kamba na kambakoche. Ndani ya krasteshia yumo katika oda ya Isopoda, jina lililotolewa na Mfaransa Latreille mwanzoni mwa karne ya 19 kutokana na maneno mawili ya Kiyunani: sawa, na mguu. Isopoda waliokwisha kuelezwa wamepita spishi 10,000. Wengi wenu mmemwona mmoja wao bila kumjua: yule kijivu mdogo akaaye chini ya mawe na magogo yenye unyevu, ambaye baadhi ya aina zake hujikunja ukiwagusa wakawa kama punje.

Nafungua mabano kidogo kuhusu istilahi. Katika shule zetu tunafundisha himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Ni neno moja tu kati ya haya saba, nalo ni ngeli, ambalo mwanafunzi hukutana nalo pia katika darasa la sarufi, na sidhani kuwa mkutano huo ni bure. Ngeli za nomino hupanga maneno kwa dalili zinazoonekana, yaani viambishi na upatanisho, ingawa nyuma ya dalili hizo kuna historia ndefu ya lugha za Kibantu isiyoonekana. Uainishaji wa wanyama nao hutafuta dalili za nje ili ufikie nasaba iliyofichika. Katika kazi zote mbili, dalili inaweza kudanganya.

Dalili ya familia ninayoieleza, ambayo wanasayansi huiandika Cymothoidae nami hapa nitaiita Simothoida, ni ndoana. Isopoda wa mkondo huu wana familia kadhaa zinazokaribiana, na njia nyepesi ya kuzitofautisha baadhi yake ni kuhesabu miguu iliyopinda. Sirolanida hutembea na kuogelea kwa uhuru. Wengi wao hula mizoga, na samaki aliyeachwa wavuni usiku kucha huweza kukutwa asubuhi ameliwa nao. Egida wana jozi tatu za mbele zilizopinda kama ndoana, na jozi nne za nyuma za kutembelea: humrukia samaki, hunyonya, hushiba, kisha humwacha. Kati yao wamo Korallanida wa bahari za joto, ambao baadhi hufyonza samaki kwa muda, na baadhi hukutwa wametulia katika mianya ya matumbawe. Simothoida wana ndoana katika jozi zote saba. Jike mzima hana mguu hata mmoja wa kutembelea. Mwili wake wote umeamua kukaa.

Mtu anayezipanga familia hizi kwa mfuatano huo huona ngazi: mla mizoga, mnyonyaji wa kupita, mnyonyaji wa kudumu. Fikra hiyo inavutia na ina ushahidi wa kimaumbile. Lakini ndani ya Simothoida wenyewe ngazi inaanza kulegea. Kuna wanaokaa juu ya ngozi na mapezi, kama jenasi Nerocila na Anilocra. Wanaokaa kinywani, kama Cymothoa na Ceratothoa. Wanaokaa katika mashavu, yaani kwenye mayavuyavu mekundu ya kuvutia pumzi, kama Mothocya. Na wachache wanaojichimbia ndani ya nyama. Zamani ilionekana ni jambo la busara kudhani kwamba kila makao ni ukoo mmoja. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa katika karne hii umeonyesha kwamba makao hayatoshi kuwa ushahidi wa nasaba. Wanaoishi nyumba za aina moja si lazima wawe ndugu, jambo ambalo mpangaji yeyote wa Kariakoo angeweza kulithibitisha.

Na tusidhani kuwa familia hii ni ya maji ya chumvi peke yake. Mwaka 1965 Geoffrey Fryer alieleza spishi iliyopatikana kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, akaiita Lironeca tanganyikae. Kwa hiyo Kigoma nayo ina jamaa wa mgeni wa Tongoni.

Kinyume cha Carolina

Majina ya jenasi niliyoyataja yana kisa ambacho wapenzi wa lugha hawapaswi kukikosa. Mwaka 1818 Mwingereza William Elford Leach alizipa jenasi kadhaa za isopoda majina mapya kwa mpigo. Zitazameni herufi zake: Cirolana, Nerocila, Anilocra, Conilera, Rocinela, Olencira. Zote ni herufi za jina la mwanamke, Carolina au Caroline, zilizochanganywa na kupangwa upya. Wazee wetu wa pwani wana mchezo wa kinyume, ambao silabi za neno hugeuzwa ili asiyehusika asielewe. Leach alicheza kinyume chake kwa herufi za Kilatini, na sayansi ikalazimika kukihifadhi milele. Tena, katika orodha yake limo jina Livoneca, ambalo lina v mahali ambapo Carolina hana v. Wengi wanaamini kwamba mpiga chapa aliisoma r vibaya, na ndiyo maana waandishi wa baadaye, Fryer akiwamo, waliandika Lironeca. Sheria za majina ya wanyama, hata hivyo, hulinda tahajia ya kwanza. Wahariri wa miswada ya Kiswahili watajua uchungu wa jambo hili.

Jina la jenasi kuu ni la zamani zaidi: Cymothoa, alilolitoa Fabricius mwaka 1793, linatokana na jina la binti wa bahari katika visa vya Wayunani. Spishi iliyoenea katika Bahari ya Hindi, Cymothoa eremita, ilikwisha kuelezwa na Brünnich mwaka 1783. Eremita ni mtawa akaaye pweke. Nalipenda jina hili kwa sababu lina ukweli nusu. Anakaa pangoni kama mtawa, lakini hafungi.

Maisha ya mgeni

Maisha yake huanza katika mfuko wa malezi chini ya kifua cha mama, uliofanywa kwa vibamba vyembamba vinavyolaliana kama makuti ya paa. Mayai, ambayo aghalabu ni mamia, huanguliwa humo humo. Vichanga wanaotoka huitwa manka, neno lisilohusiana kamwe na binti wa Kilimanjaro. Manka ana jozi sita tu za miguu. Ya saba itakuja baadaye. Ana macho makubwa, anaogelea kwa kasi, na ana siku chache tu za kumtafuta samaki kabla akiba yake ya nguvu haijaisha. Akishamshika samaki, anaanza kujibadili. Macho hupungua, uwezo wa kuogelea hufifia, mwili hupanuka. Hata kuvua gamba kwake kuna hadhari: isopoda huvua nusu ya nyuma kwanza, kisha, baada ya muda, nusu ya mbele. Kwa kiumbe anayeishi kwa kushika, faida ya kutoivua miguu yote kwa pamoja iko wazi.

Kila Simothoida huanza utu uzima akiwa dume. Anayefika kwa samaki asiye na mkazi hupita katika udume, hukua, na kuwa jike. Anayefuata, akimkuta jike yupo, hubaki dume mdogo kando yake. Jike akiondoka, dume anaweza kuchukua nafasi yake na kuwa jike naye.

Hapa Kiswahili kinatupa wepesi ambao lugha nyingine hazina. Anayesimulia maisha haya kwa Kiarabu au Kifaransa lazima aamue katika kila sentensi kama mhusika ni wa kiume au wa kike, na katikati ya hadithi abadilishe. Sisi tunasema: amefika, ameshika, amekua, ametaga. Kiambishi kile kile cha nafsi kinambeba kutoka udume hadi uzazi bila kukwama. Sidai kwamba wahenga walikitunga kwa ajili ya isopoda. Nasema tu kwamba mwalimu wa biolojia anayelalamika kuwa Kiswahili hakifai sayansi hajajaribu kusimulia kisa hiki.

Chakula chake ni damu na majimaji ya samaki. Kuhusu ulimi, naomba tuwe waangalifu, maana magazeti yamelisambaza jambo hili kupita ushahidi wake. Mwaka 1983 Brusca na Gilligan walieleza samaki kutoka Ghuba ya California ambaye ulimi wake ulikuwa umenyauka baada ya kunyonywa na Cymothoa exigua, na mdudu akawa amekaa mahali pake, samaki akimtumia kukandamizia chakula kama anavyotumia ulimi. Hiyo ni spishi moja ya Pasifiki. Wengine wengi wakaao vinywani huuharibu ulimi kwa kiasi mbalimbali bila kuwa ulimi. Kwa mnunuzi wa samaki, la muhimu ni kwamba mdudu huyu hamdhuru mtu anayekula samaki. Hupandi wa binadamu. Samaki anayekutwa na mdudu hai kinywani hajaoza. Dalili hiyo inaelekea zaidi kuonyesha kwamba ametoka majini si muda mrefu. Mama lishe anayemtupa kitoweo kizima kwa ajili yake anapata hasara bure.

Kimelea, kupe na mwenyeji

Istilahi rasmi ya kiumbe wa namna hii ni kimelea, kutokana na kumea juu ya kitu. Ni neno zuri, lakini lilitungwa kwa taswira ya mmea unaoota juu ya mti mwingine, na athari yake imebaki katika upatanisho. Tunasema vimelea vya malaria au vimelea wa malaria? Vyote viwili vimechapishwa. Mnyama, hata akiwa na umbo la KI-VI, hudai upatanisho wa A-WA, kama kiboko na kifaru wanavyodai. Kimelea bado anasitasita mlangoni mwa ngeli ya viumbe hai. Mvuvi hana tatizo hilo. Yeye humwita mdudu tu, au humlinganisha na anaowajua akamwita chawa au kupe wa samaki. Kupe, tukumbuke, aliwahi kupandishwa cheo na siasa: baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, unyonyaji na ukupe vilikuwa msamiati wa kila mkutano, na hadi leo ni vigumu kwa Mtanzania wa umri wangu kueleza Simothoida bila kusikika kama anahutubia tawi.

Kwa samaki anayebeba, wanabiolojia wetu wametumia mwenyeji. Ni istilahi iliyolengwa sawasawa, ila ina kejeli ndani yake. Methali yetu yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu akija, mwenyeji hukonda. Nayo methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu haimgusi, kwa kuwa kufikia siku ya tatu ameshapoteza miguu ya kuondokea.

Nafika sasa kwenye kiini. Simothoida ni wagumu kutambua. Sura ya mmoja hubadilika kwa umri, kwa jinsia na kwa nafasi aliyobanwa; wa mashavuni hupinda upande mmoja kufuata mashavu ya samaki. Watu wawili wenye elimu huweza kuwaita spishi mbili wadudu ambao ni mama na mwana. Ndiyo maana mtaalamu, akikabidhiwa mdudu ndani ya chupa, huuliza kwanza: alikuwa kwa samaki gani, na mahali gani mwilini? Jenasi Mothocya, kwa mfano, huelekea sana kwa chuchunge na jamaa zake, na jibu hilo peke yake hupunguza kazi kubwa. Lakini wadudu wengi waliomo katika makumbusho ya Ulaya, ambao Wadani Schioedte na Meinert waliwaeleza katika kazi yao kubwa kati ya miaka 1879 na 1884, na wengine waliokusanywa baadaye, waliwekwa chupani bila jina la samaki, au kwa jina la jumla tu. Hadfield, Bruce na Smit walipoipitia upya jenasi Cymothoa ya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 2013, iliwabidi kurudi kwenye vielelezo hivyo vya kale na kuvieleza tena.

Kosa hili halitokani na uvivu. Samaki akifa, mdudu mara nyingi humwachia. Katika ndoo au tenga lenye samaki mchanganyiko, mdudu wa chuchunge hukutwa juu ya tasi, na mtaalamu anayefika dikoni saa mbili baadaye huandika tasi kwa dhamiri safi. Anayejua ukweli ni yule aliyemtoa samaki katika ndoana ya mshipi au kumwopoa katika dema, wakati mdudu bado ameshika. Ujuzi wake huchukua sekunde chache, na uko katika lugha yake.

Nayo lugha hiyo ina umakini. Asemaye changu hajasema mengi, maana changu ni wengi. Asemaye changu doa amemtaja samaki mwenye doa jeusi ubavuni, Lethrinus harak, kwa uhakika unaomtosha mwanasayansi. Tasi wa Tanga ni tafi wa Mombasa, na anayejua jambo hilo ataunganisha kumbukumbu za pwani mbili ambazo kompyuta ingeziona kuwa za samaki wawili. Padre Sacleux, katika kamusi yake iliyochapishwa Paris mwaka 1939, alijitahidi kuoanisha majina mengi ya mimea na wanyama na majina ya Kilatini. Baada yake kazi hiyo imefanywa kwa vipande. Wakati huohuo majina yanapungua midomoni. Mnadani jina linalolipa ni la kundi. Kijana aliyezoea kuuza changu kwa kilo hana sababu ya kubakiza tofauti ambazo babu yake alizitumia kuchagua mwamba wa kutegea.

Jambo hili lina gharama. Katika bahari ya Mediteranea, Ceratothoa oestroides amekuwa tatizo katika vizimba vya kufugia samaki, kwa sababu manka anayetoka kwa samaki wa porini hukuta maelfu ya wenyeji wamefungiwa mahali pamoja, na vichanga vya samaki hudhoofika au kufa. Pwani ya Tanzania tayari ina mabwawa ya mwatiko. Vizimba vya baharini vikienea, mfugaji atahitaji kujua ni samaki gani wa mwambani aliye ghala la wadudu hao, ili asiweke kizimba jirani naye. Jibu halitapatikana kwenye chupa zisizo na lebo.

Kwa hiyo napendekeza kazi ndogo, ambayo wanafunzi wa idara ya Kiswahili wanaweza kuifanya pamoja na wenzao wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar, wakianzia Tongoni na Kigombe. Katika kila mdudu anayepatikana yaandikwe mambo matano: jina la samaki kama mvuvi alivyolitamka, kabla mtu yeyote hajalisahihisha, jina la mahali alipovuliwa, kwa jina la mwamba na si la wilaya, chombo kilichotumika, mshipi, dema au wavu, sehemu ya mwili alipokuwa mdudu, na kama alikuwa bado ameshika au ameachia. Samaki apigwe picha ya ubavu, kichwa kikielekea kushoto, kama ilivyo desturi ya wataalamu wa samaki. Mdudu atiwe katika ethanoli ya asilimia 95, jike pamoja na dume wake katika chupa moja, maana wakitenganishwa watageuzwa spishi mbili. Lebo iandikwe kwa penseli na kutiwa ndani ya chupa, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika ethanoli, na karatasi ya kubandikwa nje hubanduka.